Wiki, Siku, Usiku: Rafadha na Jeti Katika Njia ya London–Nairobi

Jumanne ya tarehe 23 Oktoba 1934 iliacha kumbukumbu mbili katika historia ya usafiri wa anga. Kwenye Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, rubani Francesco Agello alipita juu ya maji kwa kasi ya kilomita 709 kwa saa. Alikuwa ndani ya Macchi M.C.72, ndege nyekundu ya majini yenye injini mbili zilizofungwa moja nyuma ya nyingine na rafadha mbili zilizozunguka kwa mielekeo inayopingana. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, Waingereza wawili, Charles Scott na Tom Campbell Black, walitua Melbourne, Australia, baada ya safari ya saa 71 kutoka Mildenhall, Uingereza. Ndege yao, de Havilland DH.88 Comet, haikuweza kufikia hata kilomita 400 kwa saa.

Agello alikuwa na kasi. Scott na Black walikuwa na safari.

Campbell Black hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, mama mjane aliyeishi Kenya, alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi, na Black akawa rubani wake mkuu. Kampuni ilianza na Gipsy Moth, ndege ya viti viwili iliyokwenda kilomita 140 hivi kwa saa, mwendo ambao leo dereva wa gari dogo anaweza kuufikia kwenye barabara nzuri. Hata hivyo, katika nchi ambayo masika yaliweza kufunga barabara kwa majuma, mwendo huo ulikuwa muujiza. Daktari, barua na mgonjwa wangeweza kufika siku ileile. Uwanja wa Wilson, ambako hadi leo ndege ndogo za kwenda mbugani na kaskazini mwa Kenya hupaa kutwa nzima, umebeba jina la mama huyo.

Black ndiye pia aliyemfundisha urubani Beryl Markham, binti aliyekulia Njoro, Kenya, kati ya farasi wa baba yake. Septemba 1936 Markham aliondoka Uingereza peke yake ndani ya Percival Vega Gull yenye injini moja, akaivuka Atlantiki usiku dhidi ya upepo wa mbele, na baada ya saa 21 na ushei akatua kwa pua katika tope la Cape Breton, Kanada, mafuta yakiwa yamegoma kuingia kwenye injini. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuivuka bahari hiyo peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi akianzia Uingereza. Leo abiria wa jeti huivuka kwa saa sita au saba, akila na kusinzia.

Turudi kwenye mashindano ya 1934, maana aliyeshika nafasi ya pili ana somo kubwa kuliko mshindi. Nyuma ya Comet iliyoundwa mahsusi kwa mbio hizo ilikuja Uiver, ndege ya kawaida ya abiria aina ya Douglas DC-2 ya shirika la Uholanzi, KLM, ikiwa na abiria watatu na mifuko ya barua. Ilipita katika vituo ambavyo KLM ilivizoea katika njia yake ya Asia. Usiku wa mwisho ilipotea katika dhoruba karibu na mji mdogo wa Albury, Australia. Wakazi waliwasha na kuzima taa za mji mzima ili kuandika jina la mji kwa alama za Morse, na redio ikawaomba wenye magari waende kwenye kiwanja cha mbio za farasi wakakimulike kwa taa zao. Uiver ikatua. Asubuhi watu wakaifunga kamba, wakaivuta kutoka kwenye matope, nayo ikaruka tena hadi Melbourne. Jumla ilitumia saa 90 hivi, yaani chini ya siku moja tu nyuma ya ndege ya mashindano.

Kumbe tofauti ya kasi angani inaweza kuwa kubwa na tofauti ya kufika ikawa ndogo. Katika kulinganisha rafadha na jeti, wengi huuliza ndege inakwenda kilomita ngapi kwa saa. Swali la msafiri ni jingine: itasimama mara ngapi, na kila inaposimama itakaa muda gani? Hakuna njia inayolionyesha hilo vizuri kama ile ya kutoka London kuja Afrika Mashariki.

Imperial Airways, shirika la Uingereza, lilifungua huduma ya kila wiki kati ya London na Mwanza tarehe 28 Februari 1931. Abiria waliishia Khartoum. Barua ndizo zilizofika Ziwa Viktoria. Januari 1932 njia ikasogezwa hadi Cape Town, ikipitia Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Ndege iliyokuja kuvuma kwa jina katika njia hiyo ni Handley Page H.P.42, dude lenye mabawa mawili yaliyopandana, injini nne, na viti vya starehe kama vya behewa la daraja la kwanza. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kilomita 160 kwa saa.

Tupige hesabu. London na Nairobi zimetengana kwa kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Kwa mwendo wa 160, ndege ambayo ingeruka bila kusimama ingechukua saa 43, yaani pungufu ya siku mbili. Lakini safari ilichukua karibu wiki nzima. Siku nyingine zilikwenda wapi?

Zilikwenda ardhini. Kwanza, kutokana na mvutano kati ya Uingereza na Italia kuhusu ruhusa ya kupita, abiria walishushwa Paris wakapanda treni hadi Brindisi, kusini mwa Italia, ndipo wakaendelea kwa ndege ya majini kuvuka Mediterania. Pili, hakuna aliyeruka usiku juu ya Sudan au Uganda; jua likizama, abiria walipelekwa hotelini, kisha wakaamshwa alfajiri. Tatu, mafuta. Ndege ya aina ile haikuweza kubeba ya kutosha kwa zaidi ya kilomita mia kadhaa, kwa hiyo ilitua, ikanywa, ikaruka, ikatua tena. Katika viwanja vya porini mafuta yalihifadhiwa kwenye madebe ya galoni nne. Vibarua waliyapandisha juu ya bawa moja baada ya jingine, na mafuta yakachujwa kwa ngozi laini ili maji na mchanga visiingie kwenye tangi. Nne, abiria walibadilishwa ndege njiani: kipande cha maji kwa ndege ya majini, kipande cha nchi kavu kwa ndege ya magurudumu. Kisumu ilipata umaarufu kwa sababu ilikuwa mahali pa mabadilishano hayo.

Pamoja na hayo yote, wiki moja ilikuwa nafuu. Meli ya kutoka Uingereza hadi Mombasa ilichukua wiki kama tatu.

Mwaka 1937 zikaja ndege za majini za Short Empire, zenye mwendo wa kilomita 265 hivi kwa saa. Sasa njia haikuhitaji viwanja. Ilihitaji maji matulivu. Kutoka Southampton ndege ilivuka Mediterania hadi Misri, ikapanda Mto Nile hadi Khartoum na Malakal, ikatua Butiaba katika Ziwa Albert, kisha Port Bell na Kisumu katika Ziwa Viktoria. Kutoka hapo ilikwenda Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, ikaendelea na pwani ya Msumbiji hadi Durban. Barua ndizo zilizoilipia sehemu kubwa ya gharama: chini ya mpango wa serikali ya Uingereza, barua nyepesi ndani ya dola yake ilibebwa kwa peni moja na nusu, bila nyongeza ya ndege.

Safari nzima ikashuka chini ya wiki. Hata hivyo angalia orodha ya vituo hivyo, kisha hesabu upya. Kila kimoja kilidai mashua ya kupokea abiria, kamba ya kufungia ndege, chai, mafuta na ukaguzi. Abiria walilala hotelini kama mwanzo.

Kila kituo kilikuwa pia nafasi ya kupotea kabla ya kingine. Machi 14, 1939, ndege moja ya aina hiyo, Corsair, iliondoka Port Bell ikielekea Juba. Kifaa cha kutafuta mwelekeo kwa redio kikawapotosha marubani, mafuta yakakaribia kwisha, wakalazimika kutua kwenye Mto Dungu karibu na Faradje, katika Kongo ya Wabelgiji. Mto ulikuwa mwembamba, ndege ikagonga mwamba na tumbo lake likapasuka. Mafundi waliletwa kutoka Uingereza, wakaitengeneza hukohuko msituni. Jaribio la kwanza la kuruka lilishindikana, ndege ikajeruhiwa tena. Hatimaye wakajenga bwawa kuuziba mto ili maji yapande, na Januari 1940 Corsair ikaruka. Safari ya siku chache ilikuwa imechukua miezi kumi.

Vita vya Pili vya Dunia viliifikisha rafadha kwenye ukomo wake. Miezi michache kabla ya vita, Aprili 1939, Fritz Wendel wa Ujerumani alifikisha kilomita 755 kwa saa katika Messerschmitt Me 209, rekodi ambayo hakuna ndege ya rafadha yenye injini ya pistoni iliyoivunja kwa miaka 30. Ndege bora ya kivita ya rafadha upande wa Marekani, P-51 Mustang, ilifika 700 hivi. Kisha Me 262 ya Ujerumani, jeti ya kwanza kuingia vitani, ikaja na 870. Haukuwa ufundi wa rubani. Ilikuwa fizikia.

Rafadha hufanya kazi kama kasia: hushika hewa nyingi na kuisukuma nyuma kwa upole. Ndege inapokwenda polepole, hakuna njia nafuu zaidi ya kuisogeza. Tatizo liko kwenye ncha. Chukua ATR 72, ndege ambayo wasafiri wengi wa Tanzania na Kenya wameshaipanda. Rafadha yake ina mapanga sita na kipenyo cha mita 3.93, na ndege inapopaa huzunguka mara 1,200 kwa dakika. Maana yake ncha ya kila panga inasafiri takriban mita 247 kila sekunde, kabla hujaongeza mwendo wa ndege yenyewe kwenda mbele. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde kwenye usawa wa bahari, na mita 295 tu katika baridi ya kilomita 11 juu. Ncha ikiusogelea mwendo wa sauti, hewa haiwahi tena kupisha. Hutokea mawimbi ya mshtuko, na nguvu ya injini huishia kwenye kelele badala ya msukumo. Ndiyo maana rubani wa ATR akishafika juu hupunguza mizunguko, naye huridhika na kilomita 500 hivi kwa saa.

Wamarekani walijaribu kuukaidi ukuta huo. Mwaka 1955 walirusha XF-84H, ndege ya majaribio ambayo ncha za rafadha yake zilizidi mwendo wa sauti hata ikiwa imesimama ardhini. Mvumo wake uliwatia kichefuchefu mafundi waliosimama karibu, na mradi ukaachwa. Warusi walifika mbali zaidi. Tu-114, ndege ya abiria yenye rafadha nane katika injini nne, kila injini ikizungusha jozi kwa mielekeo inayopingana, iliweka rekodi ya kilomita 877 kwa saa mwaka 1960. Ndugu yake wa kijeshi, Tu-95, bado anaruka. Kwa hiyo si kweli kwamba rafadha haiwezi kabisa kuikaribia jeti. Inaweza, ila kwa kelele na mtikisiko ambao mashirika mengine ya abiria hayakuutaka.

Jeti haina ncha ndefu ya kuogopa. Huvuta hewa, huibana, huichoma pamoja na mafuta, kisha huitema nyuma kwa kasi kubwa. Mwingereza Frank Whittle aliomba hataza ya injini hiyo mwaka 1930, lakini Wajerumani ndio waliotangulia kuruka nayo, Agosti 27, 1939, katika Heinkel He 178. Faida yake ya pili ni urefu wa anga. Juu sana hewa ni nyepesi, haikwamishi ndege, na jeti inafanya kazi vizuri huko ambako injini ya pistoni inatweta.

Entebbe iliyaona mabadiliko hayo katika miezi mitatu tu. Usiku wa Februari 6, 1952, Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa Kenya baba yake alipofariki na kumwachia kiti cha enzi, aliletwa kutoka Nanyuki kwa DC-3 ya East African Airways. Mvua ya radi ikachelewesha safari. Kisha akapanda Argonaut, ndege ya rafadha yenye injini nne za Merlin, ikatua Libya kujaza mafuta, na kumfikisha London kesho yake jioni, baada ya takriban saa 20. Huo ndio ulikuwa mwendo bora aliopatiwa malkia.

Mei 2 mwaka huohuo, de Havilland Comet ya shirika la BOAC iliondoka London ikiwa na abiria 36, ikaanza huduma ya kwanza duniani ya abiria wa tiketi kwa jeti. Haikwenda New York wala Paris. Ilikwenda Johannesburg, ikisimama Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ilitumia saa 23 na dakika 38 kwa umbali wa karibu kilomita 10,800. Mwendo wake wa kawaida, takriban 720 kwa saa, ulikuwa zaidi ya Argonaut kwa karibu nusu. Vituo vilikuwa vitano. Ilipaa hadi mita 12,000, juu ya mawingu ya mvua yaliyowatapisha abiria wa enzi zilizotangulia, na iliruka usiku kucha. Jina la Comet lilikuwa lilelile la ndege iliyompeleka Campbell Black Melbourne, kutoka kampuni ileile.

Furaha haikudumu. Ndege ileile iliyofungua njia ilidondoka baharini karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954 na kuua watu wote 35. Aprili 8 Comet nyingine ikaanguka kusini mwa Naples, watu 21 wakafa. Ndege zote za aina hiyo zikazuiwa. Huko Farnborough wachunguzi walitumbukiza mwili mzima wa Comet kwenye tangi kubwa la maji, wakaongeza na kupunguza shinikizo mara maelfu kuiga safari za kupanda na kushuka, mpaka bati likapasuka. Bati lilikuwa limechoka: kila safari ya juu iliuvimbisha mwili wa ndege, kila kutua kukaulegeza, na ufa ukaanzia kwenye kona za matundu yaliyokatwa kwa ajili ya madirisha na antena. Urefu wa anga ulioipa Comet kasi ndio uliohitaji shinikizo hilo kubwa.

Kwa miaka michache rafadha ikarudi kutawala njia ya Afrika. Februari 1957 BOAC ilipeleka Johannesburg Bristol Britannia, ndege iliyotumia turbini, moyo uleule wa jeti, kuzungusha rafadha. Ilikuwa kimya na laini, na watu waliipenda. Lakini mwaka 1958 Comet iliyosukwa upya na Boeing 707 zilianza kuivuka Atlantiki, na mashirika yakaacha kuuliza kama yanunue jeti, yakauliza lini.

East African Airways, shirika la pamoja lililoanza Januari 1946 na Dragon Rapide sita za mbao na kitambaa, lilinunua Comet 4 mwaka 1960. Miaka 14 ilitosha kulivusha kutoka kilomita 210 hivi kwa saa hadi 800. Mwaka 1966 likapokea Super VC10, ndege iliyochorwa kwa kufikiria viwanja kama vya bara hili. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi na joto la mchana hulazimisha ndege kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. VC10 ilipewa mabawa safi yasiyoning'inia injini, nazo injini nne zikapangwa mkiani, ili ipae kwa urahisi katika viwanja kama hicho. Ilisaidia kuondoa vituo vilivyobaki. Shirika lenyewe lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nafasi yake ikachukuliwa na Kenya Airways, Air Tanzania na Uganda Airlines.

Baada ya hapo jambo la ajabu likatokea: kasi ikasimama. Mwaka 1979 VC10 iliruka kutoka New York hadi London kwa saa tano na dakika moja, na jeti nyingine ya kawaida haikuishinda hadi Februari 2020, moja ilipopita ikisukumwa na upepo mkali wa dhoruba. Concorde ilikimbia kilomita 2,180 kwa saa tangu 1976 hadi 2003, ikastaafu bila mrithi kwa sababu ilikunywa mafuta kupita kiasi na mngurumo wake ulipigwa marufuku juu ya nchi nyingi. Boeing 787 ya leo inakwenda takriban 900, kama wazee wake wa miaka ya 1960. Nairobi hadi London ni usiku mmoja, saa nane na nusu au tisa, bila kusimama popote.

Wahandisi walichobadilisha ni kiu ya mafuta. Na hapo rafadha ikarudi kwa mlango wa nyuma. Tazama injini ya 787 ukiwa dirishani: lile feni kubwa la mbele, lenye kipenyo cha karibu mita tatu, ndilo linalotoa sehemu kubwa ya msukumo. Kwa kila kilo moja ya hewa inayoingia kwenye moyo wa injini kuchomwa, kilo kumi hivi hupita pembeni, zikisukumwa tu kama rafadha inavyosukuma. Tofauti ni kwamba feni hilo limefungwa ndani ya pipa linaloituliza hewa kabla haijafika kwenye mapanga. Hewa nyingi kwa upole bado ni rahisi kuliko hewa kidogo kwa ukali.

Katika safari fupi, rafadha haikuhitaji hata pipa. Mwaka 2016, Tanzania ilipopokea Dash 8 Q400 mbili za kufufua shirika lake, zilizozoeleka kwa jina la Bombardier, kulikuwa na kejeli nyingi vijiweni na mitandaoni kwamba serikali imenunua ndege za panga boi katika zama za jeti. Kejeli hiyo haikupiga hesabu. Q400 inakwenda hadi kilomita 660 kwa saa. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 850, na jeti ya Airbus A220, ambayo shirika hilohilo lilianza kuipokea mwaka 2018, haiwezi kuipita kwa zaidi ya robo saa hivi. Kwa njia ya Dar es Salaam na Dodoma tofauti hupungua zaidi, kwa kuwa jeti haijamaliza vizuri kupanda kabla ya kuanza kushuka. Kwa Zanzibar, kilomita 75 tu kutoka Dar, urefu wa anga unaoipa jeti faida hauna pa kufikiwa. Wakati huohuo turbini ya rafadha hutumia mafuta machache zaidi kwa abiria, na hutua kwenye njia fupi.

Huko mbugani hoja haipo kabisa. Cessna Caravan yenye rafadha moja, mwendo wake kilomita 340 hivi kwa saa, hutua Seronera na Maasai Mara kwenye njia za changarawe na nyasi. Jeti ya kawaida ya abiria ingemeza mawe kabla haijasimama. Ni kazi ileile iliyoanzishwa na Gipsy Moth mwaka 1929, kwa mwendo uliozidi mara mbili na injini isiyozimika ovyo.

Hukumu basi haiko upande mmoja. Kwa London, Mumbai au Guangzhou, jeti ilishinda, na hakuna atakayerudi kulala Brindisi na Khartoum. Chini ya kilomita 500 rafadha haijashindwa na haielekei kushindwa, hasa mafuta yanapopanda bei. Msafiri wa Dar anayekata tiketi ya Zanzibar au Dodoma asihangaike kuuliza kama ndege ina mapanga. Aangalie saa ya kuripoti, aangalie rekodi ya shirika katika kuondoka kwa wakati, na aondoke nyumbani mapema: dakika anazozitafuta angani humpotea kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, iendayo uwanja wa ndege.